Kikombe cha Uji Darasani: Kufundisha Lishe kwa Njia ya Miradi

Mwanafunzi wa darasa la tano akiulizwa faida ya protini, hujibu pasipo kusita kwamba protini hujenga mwili. Akiulizwa ataje vyakula vyenye vitamini, hutaja mchicha, maembe, mapapai na karoti, na mwalimu humpa alama zake zote. Jioni hurudi nyumbani. Mama bado yuko shambani au sokoni, na mdogo wake mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu analia njaa. Mwanafunzi yule yule aliyepata alama zote huinjika sufuria, hutia maji mengi na konzi moja ya unga wa sembe, hukoroga, kisha humnywesha mtoto kikombe kimoja cha uji mwepesi. Mtoto hujaa tumbo, hunyamaza, hulala. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Lakini kati ya daftari la shuleni na sufuria ya nyumbani pana ufa mkubwa, na watoto wengi wadogo hudumaa kwa sababu ya ufa huo.

Makala haya yanaeleza jinsi shule ya msingi inavyoweza kuuziba ufa huo kwa kufundisha lishe kwa njia ya miradi, yaani kwa kumpa mwanafunzi swali la kweli, vifaa vya kupimia, na kazi ambayo matokeo yake yataonekana nje ya darasa.

Kwa nini mwanafunzi wa shule ya msingi?

Kudumaa ni hali ya mtoto kuwa mfupi kupita kiasi kwa umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2010 ulionyesha kuwa watoto 42 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika uchunguzi wa mwaka 2015-16 idadi hiyo ilishuka hadi 34, na katika ule wa mwaka 2022 ilifikia 30. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, watoto watatu kati ya kila kumi ni wengi mno, hasa ikikumbukwa kuwa kudumaa hakuishii kwenye urefu wa mwili. Ubongo nao hukua kwa kasi katika umri huo huo, na mtoto aliyekosa lishe bora aghalabu hupata shida ya kujifunza baadaye.

Sehemu kubwa ya madhara hayo hutokea tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, muda wa siku zipatazo 1,000. Mwanafunzi wa miaka kumi na mmoja amekwisha kuzipita siku hizo, lakini mdogo wake bado yumo ndani yake. Katika nyumba nyingi mwanafunzi huyo ndiye anayembeba mdogo wake, ndiye anayemlisha, na ndiye anayejua kama bakuli lilimalizwa au lilirudishwa jikoni. Kwa hiyo somo la lishe katika shule ya msingi halimhusu mwanafunzi peke yake. Linamhusu vilevile mtoto ambaye hajaandikishwa shule.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Mwaka 1978 Daktari David Morley na wenzake katika Chuo cha Afya ya Mtoto mjini London walianzisha mpango uliojulikana kama Mtoto kwa Mtoto, kwa kujiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979. Msingi wa mpango huo ulikuwa kwamba watoto wakubwa wakifundishwa vizuri, wanaweza kulinda afya ya watoto wadogo wanaowalea.

Mradi si kulima tu

Kufundisha kwa vitendo si fikra ngeni. Mwaka 1896 John Dewey alifungua shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago, na humo watoto walipika ili wajifunze sayansi kutokana na chungu. Mwaka 1918 mwanafunzi wake, William Heard Kilpatrick, alichapisha makala iliyoieneza njia hiyo ya miradi miongoni mwa walimu. Hapa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, akitaka kila shule iwe pia mahali pa kazi, na kazi hiyo iwe sehemu ya mafunzo. Shule nyingi zilianzisha mashamba na bustani.

Hata hivyo, hapana budi kutofautisha kazi na mradi. Wanafunzi wanaoamriwa kulima tuta la mchicha, kulimwagilia na kulivuna, bila ya kuulizwa lolote, wamefanya kazi. Hawajafanya mradi wa elimu. Tuta hilo hilo hugeuka kuwa mradi pale wanafunzi wanapoanza na swali: Je, tuta la mita moja kwa mita tano linaweza kulipatia mboga darasa letu mara ngapi kwa mwezi? Hapo watalazimika kupima ardhi, kuhesabu siku tangu kupanda hadi kuvuna, ambazo kwa mchicha ni kati ya wiki tatu na tano, kupima uzito wa mavuno, kugawanya kwa idadi ya walaji, na kuamua kama jibu linaridhisha. Jembe ni lile lile, lakini sasa linafanya kazi pamoja na kichwa.

Mpango wa lishe ulioanzishwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Iringa, kwa ushirikiano wa serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulifuata mwendo kama huo. Katika vijiji 168 vya mwanzo watoto walipimwa uzito, wanakijiji wakachambua sababu za uzito mdogo, wakaamua la kufanya, kisha wakapima tena. Kupima, kuchambua na kutenda: hatua hizo tatu ziliwafaa wakulima, na zinalifaa darasa la tano.

Jaribio la kwanza: hesabu ya kikombe

Mradi mzuri huanza na kitu ambacho kila mwanafunzi anakijua. Uji unafaa kuliko vyote. Darasa hugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza hupika uji mwepesi kwa gramu 50 za unga wa mahindi na gramu 950 za maji. Kundi la pili hupika uji mzito kwa gramu 200 za unga na gramu 800 za maji. Shule isiyo na mizani inaweza kutengeneza moja kwa ufito, kamba na makopo mawili, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na maji yaliyopimwa kwa chupa hutosha kuwa mawe ya mizani.

Kisha huja hesabu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori zipatazo 360 za nishati, yaani nguvu inayoutia mwili joto, mwendo na uwezo wa kukua. Kikombe cha gramu 250 cha uji mwepesi kina gramu 12.5 za unga tu, sawa na kilokalori 45. Kikombe kama hicho cha uji mzito kina gramu 50 za unga, sawa na kilokalori 180.

Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili anayeendelea kunyonya huhitaji kilokalori zipatazo 550 kwa siku kutokana na chakula kingine kisicho maziwa ya mama. Wanafunzi wagawanye wenyewe. Watagundua kwamba kwa uji mwepesi mtoto angehitaji kunywa vikombe 12 kwa siku, ilhali kwa uji mzito vikombe 3 vingemtosha kwa nishati. Ndipo mwalimu aulize swali la tatu: tumbo la mtoto lina ukubwa gani? Wataalamu hukadiria kuwa tumbo la mtoto mchanga hubeba gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, basi, hujazwa na gramu 240, yaani kikombe kimoja hivi.

Kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya, isiyopita uwezo wa darasa la tano, mwanafunzi amegundua jambo ambalo asingeligundua kwa kukariri: kwamba mtoto anaweza kujazwa maji akashiba, na huku mwili wake una njaa.

Jaribio la pili: siri ya kimea

Hapo wanafunzi watapinga, nao wana haki. Uji mzito baada ya kupoa hugeuka kama ugali, na mtoto wa miezi minane hawezi kuumeza kwa urahisi. Pingamizi hilo ndilo linalofungua jaribio la pili.

Bibi wengi wa mikoa ya kusini na nyanda za juu wanaopika togwa wanajua dawa yake: kimea. Mbegu ya ulezi, mtama au mahindi imehifadhi wanga kuwa akiba ya mmea mchanga. Inapoota, hutengeneza vimeng'enya vya kuukata wanga huo vipande vidogo ili chipukizi kipate kuutumia. Kimeng'enya kikubwa miongoni mwao huitwa amilesi. Katika uji mzito, chembe za wanga zimenywa maji, zikavimba na kushikana. Kimea kikitiwa humo, amilesi huzikata nyuzi ndefu za wanga, maji yaliyokuwa yamefungwa huachiliwa, na uji hulegea ingawa hakuna hata tone la maji lililoongezwa. Chakula kilichomo hubaki kile kile.

Watafiti waliuchunguza ujuzi huo wa wazee katika maabara. Mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha matokeo ya kazi yao kuhusu vyakula vya watoto vilivyolainishwa kwa unga wa nafaka iliyooteshwa, na baadaye jambo hilo likachunguzwa miongoni mwa watoto wa kijiji cha Luganga, mkoani Iringa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa miongoni mwa waliouendeleza ujuzi huo.

Darasani kazi huenda hivi. Ulezi huoshwa na kulowekwa usiku mmoja, huchujwa, hutandazwa na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili hadi tatu, hadi machipukizi yaonekane. Kisha huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, machipukizi na mizizi hupukutwa kwa mikono na kupepetwa kwenye ungo, na punje husagwa. Wanafunzi wapike uji mzito kama wa jaribio la kwanza, wauepue, waache upoe kwa dakika chache, kisha watie gramu 10 za kimea na kukoroga. Mwiko uliokuwa ukisimama wima katikati ya sufuria utaanguka ubavu mbele ya macho yao. Baada ya hapo uji urudishwe motoni uchemke, ili vijidudu vilivyoletwa na kimea vife.

Ili jaribio liwe la kisayansi, pawe na sufuria ya kulinganishia. Humo hutiwa kimea kilichochemshwa kwanza katika maji kidogo. Uji wa sufuria hiyo hautalegea, kwa sababu moto mkali umeharibu vimeng'enya. Wanafunzi wanaweza pia kutafuna tonge la ugali kwa dakika nzima bila kulimeza. Watasikia utamu kidogo, kwa kuwa mate nayo yana amilesi.

Tahadhari mbili ni za lazima. Machipukizi ya mtama hutengeneza sumu ya sayanidi. Ndiyo maana ulezi unafaa zaidi kwa darasa, na mtama ukitumiwa ni lazima machipukizi na mizizi yaondolewe yote. Pili, nafaka iliyoota ukungu isitumiwe kamwe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuanika vizuri ni sehemu ya somo.

Nishati peke yake haitoshi

Darasa lisidhani kuwa limemaliza kazi. Unga wa mahindi una upungufu wa protini iliyo bora, wa madini ya chuma na wa vitamini A. Kwa hiyo makundi yashindane kubuni uji au mchanganyiko ulio bora kwa vyakula vya kijijini: karanga zilizosagwa, unga wa kunde au maharage, dagaa waliopondwa, viazi vitamu vya rangi ya manjano, mchicha uliokatwa vizuri, papai lililoiva. Kila kundi liandike gharama ya bakuli moja, muda wa kupika na kuni zilizotumika. Kimea nacho kihesabiwe saa zake, maana mama mwenye kazi nyingi hatakubali njia inayomwongezea mzigo, hata ikiwa nzuri.

Hapo wanafunzi wataona pia kuwa njia rahisi zipo. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula kina kilokalori zipatazo 40, karibu sawa na kikombe kizima cha uji mwepesi, tena husaidia mwili kuipokea vitamini A iliyo katika mboga. Uji mzito unaolishwa kwa kijiko, polepole na kwa uvumilivu, hauhitaji kimea.

Utepe wa mkono

Mradi wa tatu ni wa kupima watoto. Kati ya umri wa mwaka mmoja na miaka mitano mduara wa mkono wa juu wa mtoto mwenye afya hubadilika kidogo sana, kwa kuwa mafuta ya utotoni hupungua huku misuli ikiongezeka. Kwa kuutumia ukweli huo, mwaka 1974 Adnan Shakir wa Baghdad na David Morley walipendekeza utepe wenye rangi tatu, ambao unaweza kukatwa hata katika filamu za zamani za eksirei. Mipaka yao ya wakati ule ilikuwa sentimita 12.5 na 13.5. Mipaka inayotumika sasa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ni mingine: chini ya 11.5 ni hatari kubwa, kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa kadiri, na 12.5 au zaidi ni salama.

Wanafunzi wanaweza kutengeneza tepe zao kwa karatasi ngumu na rula, na kujifunza kupima katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto. Lakini wafundishwe pia mipaka ya chombo hicho. Utepe huonyesha ukondefu, hauonyeshi kudumaa. Mtoto aliyedumaa anaweza kupimwa akawa katika rangi ya kijani. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili ni mgonjwa hata kama utepe unasema yu salama, na anahitaji kupelekwa kituo cha afya mara moja. Mwanasayansi hujua kile ambacho kipimo chake hakiwezi kukiona.

Na hapa heshima ni muhimu kuliko takwimu. Matokeo ya mtoto yeyote yasitangazwe darasani. Mwalimu peke yake ndiye ayapokee, naye azungumze na mzazi na mhudumu wa afya. Kadhalika, wanafunzi wasiamriwe kuandika majina yao juu ya orodha ya vyakula walivyokula jana. Mtoto aliyelala njaa ataandika uongo, na darasa litakuwa limemwongezea aibu juu ya njaa yake.

Kutoka darasani hadi jikoni

Kwa desturi zetu mtoto hamfundishi mama yake. Mwanafunzi anayerudi nyumbani na kutangaza kwamba uji wa mama haufai atastahili kukemewa, na sayansi yake itakataliwa pamoja na utovu wake wa adabu. Kwa sababu hiyo shule ifungue mlango. Bibi anayejua togwa aalikwe kuwa mwalimu wa siku ya kimea, na wanafunzi wamwamkie, wamsikilize na kuandika asemayo. Ujuzi wake una sayansi ndani yake: uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa tindikali ya uji uliochachuka huzuia vijidudu kadhaa vya kuharisha visikue. Mwisho wa muhula wazazi waalikwe, sufuria mbili ziwekwe mbele yao, na mwiko uachwe useme.

Tanzania imewahi kuona nguvu ya mafunzo ya namna hii. Katika kampeni za Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Kilichozipa kampeni hizo uzito ni kwamba kikundi hakikumaliza somo kwa kusikiliza tu. Kilitakiwa kuamua la kufanya.

Ni dhahiri kwamba walimu wanakabiliwa na shida nyingi. Madarasa ni makubwa, vipindi ni vifupi, na mtihani huuliza maneno kuliko matendo. Lakini miradi iliyoelezwa hapa haihitaji maabara. Inahitaji sufuria mbili, unga, ulezi, ufito wa mizani, karatasi na daftari la kumbukumbu, tena hufundisha hisabati, sayansi na stadi za kazi kwa wakati mmoja.

Kipimo cha mwisho cha mradi kisiwe alama. Mwezi mmoja baada ya kazi kwisha, mwalimu awaulize wanafunzi maswali machache, wajibu bila kuandika majina: Je, uji wa mdogo wako umebadilika? Hulishwa mara ngapi kwa siku? Ni nini kilichozuia mabadiliko: fedha, kuni, muda, au kutoafikiana? Majibu hayo, hata yale ya kukatisha tamaa, ndiyo swali la mradi unaofuata. Shule itajua kwamba imefundisha lishe siku ambayo mwanafunzi wa darasa la tano, peke yake jikoni na mtoto akilia, atauangalia ule unga mkononi mwake, akumbuke vikombe kumi na viwili, kisha aongeze konzi nyingine.